Sura ya Saba: Kuingilia Mlango wa Uani

Nyumba ya mlowezi ilijengwa itazamwe kwa mbele. Ngazi hukupandisha kwenye veranda, veranda hukukalisha, kiti hukugeuza uso uelekee bustani na nyika, na kabla hujamaliza kikombe cha chai umeshaanza kuyaona mambo kama alivyoyaona mwenye nyumba. Mgeni wa leo, awe Mjerumani wa safari au Mkenya aliyeleta wanawe likizoni, hupokelewa pale pale walipopokelewa wageni wa bwana miaka zaidi ya mia iliyopita. Ushauri wa sura hii ni mfupi: zunguka nyuma, uingilie mlango wa uani. Huko ndiko maji yalikoteremshwa, kuni zilikopasuliwa na mishahara ilikohesabiwa.

Sehemu ya kujifunzia ziara ya namna hiyo ni Thika na Ruiru. Ndani ya mzunguko ambao gari humaliza kwa siku moja kuna nyumba ya bwana aliyelaza wageni wakubwa wa dunia, hoteli kongwe kando ya maporomoko, mahali pa mti ulioanguka, na kaburi lililo juu ya mlima. Vyote vinahusiana, na kila kimoja hukueleza kile ambacho mwenzake amenyamazia.

Anzia Kamenu. Ni wadi ya mji wa Thika, na huko wala katika mitaa jirani kama Makongeni hutaonyeshwa kasri. Utaona nyumba za kupanga, gereji, vibanda vya mboga, bodaboda zilizojipanga kwenye kona na matatu zikipigia honi abiria wa kwenda Nairobi, kilomita zipatazo 40 kusini, au wa kushika Barabara ya Garissa. Asubuhi watu hutoka kwa miguu kwenda viwandani na mashambani. Wapo wanaovuna mananasi, na wapo wanaochuma kahawa msimu ukifika. Watazame vizuri kabla hujaenda kutazama majumba. Mji huu ulikua kwa sababu mashamba makubwa yalihitaji mikono, reli na soko, na mikono hiyo ilihitaji pa kulala.

Maporomoko na nyasi

Mito miwili, Chania na Thika, hukaribiana sana kandokando ya mji kabla ya kuungana na kuelekea Tana. Katikati yake, kila mto ukiwa na poromoko lake, ndipo ilipo Hoteli ya Blue Posts, iliyoanzishwa mwaka 1908. Wakati huo Thika haikuwa mji. Ilikuwa kivuko na kambi katika njia ya kutoka Nairobi kwenda Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Winston Churchill, naibu waziri wa makoloni, alikuwa amepita njia hiyo, akawinda, akaandika kitabu cha safari yake. Mlowezi aliyetoka Nairobi kwa gari la ng'ombe alifika hapo amechoka, akanywa, akalala, na asubuhi akaendelea kutafuta kipande chake cha ardhi.

Miongoni mwa waliofika kwa mtindo huo walikuwa wazazi wa Elspeth Huxley. Yeye alizaliwa mwaka 1907, akaletwa Thika akiwa bado mtoto mdogo, muda mfupi kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwaka 1959 alitoa kitabu kuhusu utoto huo, *The Flame Trees of Thika*, na mwaka 1981 kikafanywa tamthilia ya televisheni. Kwa wasomaji wengi wa ng'ambo, Thika ni kitabu hicho. Wao huja wakiuliza mti mwekundu uko wapi na nyumba ya nyasi ilikuwa wapi.

Nyumba ya nyasi ndiyo jambo la kushika hapa. Familia hiyo ya Kiingereza, iliyokuja na ndoto ya kahawa na samani zake za Ulaya, ilianza maisha Thika chini ya paa la nyasi lililoezekwa na Wagĩkũyũ, kwa fito na kamba za Kigĩkũyũ, kwa ujuzi ambao bwana hakuwa nao. Makao ya kwanza ya wageni wengi yalikuwa kazi ya wenyeji tangu msingi hadi paa. Mawe, mabati na veranda vilikuja baadaye, na vilipokuja, jina la fundi lilipotea na la mwenye nyumba likabaki.

Mti uliofungwa chuma

Kutoka Blue Posts nenda Bustani ya Mugumo, mjini Thika. Ni bustani tu, ina viti, majani na watu waliojilaza kivulini saa ya mchana. Mgeni asiyeelezwa anaweza kuipita. Mugumo ni mti mtakatifu kwa Wagĩkũyũ. Chini yake walitoa kafara na kuomba, na kuukata hovyo kulikuwa mwiko.

Husimuliwa kwamba Mũgo wa Kĩbirũ, mwonaji wa Wagĩkũyũ wa karne ya 19, ndiye aliyetabiri kuja kwa wageni wenye ngozi nyeupe na nyoka wa chuma atakayetapakaa nchini, yaani reli. Aliwaonya watu wake wasiwapige vita ana kwa ana. Katika masimulizi hayo, utawala wa wageni ungekoma siku mugumo wa Thika utakapoanguka. Waingereza, waliokuwa wakicheka ushirikina wa wenyeji, wakauzungushia mti huo pete ya chuma ili usidondoke. Mwaka 1963 ukaanguka. Mwaka huo huo, tarehe 12 Desemba, Kenya ikawa huru.

Unaweza kuamini utabiri au usiuamini. Lakini tazama jinsi kumbukumbu ilivyohifadhiwa. Nyumba ya bwana ilihifadhiwa kwa hati miliki, picha na vitabu vilivyochapwa London na New York. Mugumo ulihifadhiwa kwa midomo ya watu, na umedumu kiasi kwamba hata baada ya kuoza, mahali pake pana jina, pana uzio, na walimu huleta wanafunzi. Usiyatembelee hayo majengo kabla hujaiona bustani hii. Ukianzia hapa, utafika kwenye veranda ukijua kwamba walioonekana wakipalilia maua walikuwa na hesabu yao wenyewe ya lini bwana ataondoka.

Bustani ya Juja

Sasa rudi kusini, upande wa Juja. Shamba la Juja lilikuwa la William Northrup McMillan, Mmarekani aliyezaliwa St. Louis mwaka 1872 katika familia iliyotajirika kwa kutengeneza mabehewa ya reli. Mwaka 1903 aligharimia msafara wa kuteremka Nile ya Buluu kwa mashua. Ulivunjikia mtoni. Muda mfupi baadaye akaja Afrika Mashariki na kujipatia maelfu ya ekari kwenye ukingo wa nyanda za Athi. Alikuwa pande la mtu, mkarimu kwa wageni, na baadaye Waingereza wakampa cheo cha *Sir*.

Nyumba yake ilijengwa karibu na mahali mito ya Ruiru na Nairobi inapokutana: ghorofa moja, veranda pana kuizunguka, mimea ya kutambaa ikitia kivuli, bustani ya maua mbele, na majengo ya kazi nyuma. Bado ipo, ndani ya ardhi ya watu binafsi, kwa hiyo usijiendee tu. Tafuta ruhusa mapema.

Mwaka 1909 alifika hapo Theodore Roosevelt, miezi michache tu baada ya kumaliza urais wa Marekani. Alikuwa na mwanawe Kermit na msafara wa kukusanya wanyama kwa ajili ya makumbusho ya Smithsonian, wenye wapagazi zaidi ya 200. Kufikia mwisho wa safari baba na mwana walikuwa wamepiga risasi wanyama 512. McMillan na mkewe Lucie walimkaribisha kifahari, naye akaieleza nyumba yao kwa upole katika kitabu alichokitoa mwaka 1910.

Katika kurasa hizo kuna aya fupi ambayo msomaji wa veranda huipita na msomaji wa uani husimama. Roosevelt anawaeleza vibarua wa Kigĩkũyũ walioshinda bustanini. Anawaita washenzi wasiotabasamu. Mmoja wao alivutiwa na mng'aro wa makopo ya tumbaku, akalivaa moja kwenye tundu la sikio, na sikio la pili likawa na pambo la mti lililochongwa. Mwingine, mwenye bangili za shaba na chuma mikononi na miguuni, alikuwa amepewa blanketi la kujisitiri. Alipotakiwa kusukuma mashine ya kukatia nyasi, alilizungusha blanketi lote shingoni na kuendelea na kazi akiwa uchi, bila wasiwasi. Rais mstaafu aliliona jambo hilo kuwa kichekesho.

Sisi tulitazame tena. Mashine ya kukatia nyasi mwaka 1909 ilikuwa imesafirishwa kwa meli hadi Mombasa, ikapanda reli hadi Nairobi, ikabebwa hadi Juja, ili majani ya Afrika yafanane na ya Ulaya. Na mtu aliyeisukuma alikuwa ametoka kwao, penye mashamba yake na mbuzi wake, kuja kukata nyasi zisizoliwa na mfugo wowote. Kwa nini alikuja?

Jibu liko kwenye sheria. Kodi ya kibanda ilianza mwanzoni mwa karne, na mwaka 1910 ikaongezwa kodi ya kichwa kwa wanaume wasio na kibanda. Kodi ilidaiwa kwa rupia, na kwa wengi njia ya karibu ya kupata rupia ilikuwa kumfanyia mzungu kazi. Mshahara wa kibarua kwa mwezi ulikuwa rupia chache tu, hivyo kodi ya kibanda kimoja ilikula sehemu kubwa ya jasho la mwezi mzima, na mwenye wake wawili alidaiwa vibanda viwili. Upande wa pili, Sheria ya Ardhi ya Mfalme ya mwaka 1902 ilimwezesha mlowezi kukodi ardhi kwa miaka 99, na ile ya mwaka 1915 ikaifanya miaka 999. Mmoja alipewa karibu miaka elfu. Mwenzake alihesabiwa mwezi kwa mwezi.

Kisha kopo likarudi kwa sura nyingine. Sheria ya kuandikisha wenyeji ilipitishwa mwaka 1915 na ikaanza kutekelezwa vita vilipokwisha, kati ya mwaka 1919 na 1920. Kila mwanaume Mwafrika aliyefika miaka 16 alitakiwa kubeba kipande: karatasi yenye jina lake, kabila lake, alama za vidole, jina la mwajiri, mshahara na tarehe za kuanza na kuacha kazi. Kisipotiwa sahihi na bwana, hakuweza kuhama, na akitoroka karatasi hiyo ndiyo iliyomsaka. Kipande hicho kilitiwa ndani ya kikopo cha bati na kuning'inizwa shingoni kwa kamba. Yule kijana wa Juja aliyejipamba kwa kopo kwa hiari yake mwaka 1909, kama alikuwa hai baada ya miaka 11, alilazimishwa kuvaa jingine. Sijui nyumba yoyote ya kale nchini inayoweza kumfundisha mtoto wa shule maana ya ukoloni kwa haraka kuliko bustani hii ikielezwa hivyo.

Waliolivaa hawakukaa kimya. Harry Thuku, mzaliwa wa Kambui, Kiambu, aliwahutubia watu dhidi ya kipande, kodi na kulazimishwa kazi kwa wanawake na wasichana. Alikamatwa Machi 1922. Umati ulikusanyika mbele ya kituo cha polisi Nairobi kudai aachiliwe, Mary Muthoni Nyanjiru akawatia wanaume ari ya kusonga mbele, na askari wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilitaja waliokufa kuwa 21, wengine wakasema ni wengi zaidi. Ng'ambo ya pale ilikuwepo Hoteli ya Norfolk, na wanahistoria wengi wanaeleza kwamba walowezi waliokuwa kwenye veranda yake nao walishiriki kupiga risasi. Veranda, basi, haikuwa ya chai peke yake.

Kilimambogo na makaburi

Siku ikikuruhusu, rudi Thika, shika Barabara ya Garissa, pita mashamba ya mananasi yasiyo na mwisho machoni, hadi Maporomoko Kumi na Manne ya mto Athi. Maji huvunjika katika mikondo mingi kwenye ukingo mpana wa mawe, kimo cha mita 27 hivi. Vijana wa mashua watakuvusha, na wengine watajirusha majini ukiwalipa. Elewana bei kwanza. Msimu wa mvua ukae mbali na ukingo. Na ukiona povu na kunusa uvundo, kumbuka mto Nairobi humwagika humo pamoja na taka za jiji. Mto ule ule uliopita chini ya bustani ya McMillan sasa hubeba uchafu wetu sisi, na hilo hatuwezi kumbebesha mlowezi.

Mbele yako ni Kilimambogo, Ol Donyo Sabuk kwenye ramani, mita 2,145, hifadhi ya taifa tangu mwaka 1967. Nyati wangali wengi, kwa hiyo anayepanda kwa miguu huchukua askari wa wanyamapori. Njiani, kabla ya kilele, kuna makaburi ya McMillan, aliyefariki mwaka 1925, ya mkewe Lucie, aliyefuata mwaka 1957, na ya Louise Decker, mtumishi wao wa miaka mingi. Husimuliwa kwamba bwana alitaka kuzikwa kileleni kabisa, lakini mwinuko ukalishinda gari lililombeba, akazikwa pale lilipoishia.

Wageni hupiga picha kaburi la bwana. Wewe tua kidogo kwenye la Louise Decker. Huyu ni mtumishi aliyewekewa jiwe na jina, akazikwa pamoja na aliowatumikia. Waliosukuma mashine ya nyasi Juja, waliompandisha bwana mlima huu na waliolichimba kaburi lenyewe hawakuwekewa chochote. Tofauti haikuwa ukubwa wa utumishi wao.

Mlango ukishafunguliwa

Kuna watakaosema nyumba hizi zibomolewe, au ziachwe mchwa wazimalize. Sioni faida yake. Ukibomoa nyumba ya Juja, kitabu cha Roosevelt kitabaki kwenye rafu za dunia nzima, na mahali pa kukijibu patakuwa pametoweka.

Mfano wa kufuata upo, na unabeba jina lile lile. Baada ya kifo cha mumewe, Lucie McMillan alijenga maktaba ya kumbukumbu katikati ya Nairobi, ikafunguliwa mwaka 1931. Ina nguzo kubwa mbele na simba wawili wa mawe, na inalindwa na sheria yake yenyewe. Kwa miaka mingi Mwafrika aliweza kuifagia lakini si kusoma ndani yake, hadi mwaka 1958 milango ilipofunguliwa kwa rangi zote. Mwaka 1962 ikakabidhiwa halmashauri ya jiji. Miaka ya karibuni shirika la Book Bunk, lililoanzishwa na Wanjiru Koinange na Angela Wachuka, limekuwa likiifufua pamoja na matawi yake ya Kaloleni na Makadara. Hawakuling'oa jina la McMillan. Wamejaza nyumba yake wasomaji.

Nyumba ya mwandishi Karen Blixen nayo ina funzo. Ni makumbusho ya taifa tangu mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu iliyoipa umaarufu. Humo mgeni husikia jina la Kamante Gatura, mpishi wake, ambaye uzeeni alisimulia upande wake na masimulizi yake yakachapishwa mwaka 1975. Mtumishi mmoja aliyetajwa hubadilisha nyumba nzima. Jikoni hugeuka mahali pa mtu mwenye akili na kumbukumbu zake, na sebule hupungua kimo.

Kwa hiyo, ukizuru nyumba yoyote ya mlowezi, iwe ya Juja au ya kwingineko nchini, mkabili mwongozaji wako kwa heshima na umwulize mambo haya. Kabla ya hati ya kwanza, ardhi hii ilikuwa ya mbari gani au malisho ya nani? Maji yaliletwaje jikoni, na nani aliyabeba? Vibarua walilala wapi, na pale leo pana nini? Walilipwa kiasi gani mwaka ambao nyumba ilijengwa, na kodi ilikuwa kiasi gani? Je, kuna hata mmoja anayejulikana kwa jina?

Mara nyingi utajibiwa kwamba hayo hayamo kwenye maelezo yake. Usimlaumu, alikabidhiwa hadithi ya veranda naye anaisimulia vizuri. Lakini maswali yakiulizwa na kila basi la wanafunzi, mwenye nyumba atalazimika kuyatafutia majibu. Yapo ya kutafutwa kwenye Nyaraka za Taifa, kwenye daftari za makanisa ya kale, na kwa wazee wa Gatanga, Ruiru na Thika ambao babu zao walifanya kazi huko. Wazee hao hawasubiri. Mwalimu wa historia wa Kamenu anaweza kuianza kazi hiyo muhula huu, kwa daftari, kalamu na wanafunzi wachache waliotumwa kuwauliza bibi zao ni nani katika ukoo aliyewahi kuvaa kikopo shingoni.